Kabla hujaagiza Raspberry Pi ukiwa Mbeya, cheki haya kwanza

Raspberry Pi ni kompyuta nzima kwenye bodi moja ndogo. Kwanza jua unaitakia nini, maana hapa ndo hela za watu zinapotelea. Kama shida yako ni kuchapa barua, Excel na kuangalia muvi, achana nayo, tafuta laptop ya mtumba, inakuja na kioo, kibodi na betri humo humo na umeme ukikatika unaendelea na kazi. Na kama unataka tu kupima joto la banda la vifaranga pale Uyole ili baridi ya mwezi wa sita isije ikawamaliza, ESP32, kale kabodi kadogo ka kuendesha sensa, inatosha na bei yake ni ndogo mno. Pi inalipa pale unapotaka kompyuta kamili ya Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta, kama ilivyo Windows) inayokaa imewashwa usiku na mchana bila kula umeme mwingi, yaani seva ndogo ya nyumbani, kufundishia madogo kuandika programu kwa Python, kuzuia matangazo kwenye wifi, vitu vya namna hiyo.

Toleo sasa. Zero 2 W ni kadogo na ka bei nafuu ila RAM yake ni MB 512, kwa hiyo desktop itakutesa. Pi 4 kwa watu wengi inatosha kabisa. Pi 5 ina kasi kweli, ila ndo yenye masharti mengi kwenye umeme, nakuja huko.

Ukiulizia Kariakoo kumbuka bei unayotajiwa mara nyingi ni ya bodi tupu, haina chaja, haina memori kadi, haina kava, haina kebo. Agiza vyote kwa pamoja vipakiwe basi moja, maana Pi 4 na Pi 5 tundu lake la HDMI ni lile dogo la maikro, Zero inatumia mini, na Pi 3 ndo inakula kebo ya kawaida ya tivii. Usitegemee kwamba kila duka la Mwanjelwa linayo hiyo maikro, unaweza ukakaa na bodi mpya mezani wiki nzima unaitazama tu.

Haya, umeme. Pi 3 inataka volti 5 ampea 2.5, Pi 4 ampea 3, Pi 5 ampea 5. Watu wanachukua fasti chaja ya simu imeandikwa wati 65 wanaona imewazidi hata mahitaji, kumbe nyingi ya hizo wati zinapatikana kwa kupandisha volti kwenda 9 au 20, kwenye volti 5 inabaki ampea 3 tu. Pi 5 hapo itawaka, ila yenyewe inabana umeme wa matundu ya USB hadi miliampea 600 kwa yote, ukichomeka diski ya nje inaanza kupotea na kurudi unadhani diski ni mbovu. Kebo ndefu nyembamba nayo inashusha volti. Mimi naona bora upunguze RAM ununue chaja yake halisi.

Umeme wetu wa kuja na kuondoka nao unaua memori kadi, ukikatika wakati inaandika, mafaili yanaharibika na siku hiyo haiwaki. Tafuta UPS hata ile ndogo ya rauta, ila soma ampea zake kwenye volti 5 kwanza. Powabenki nyingi zinayumba pale umeme unapokatika na bodi inajizima. Kipindi cha mvua radi za huku sio za mchezo, ukitoka nyumbani chomoa, na ile waya ya rauta pia.

Kadi feki zimejaa, imeandikwa GB 128 kumbe ndani ni 8. Ipime kwa H2testw kwenye Windows kabla hujaweka chochote, inaijaza yote afu inasoma tena, inachukua muda lakini wacha ichukue.

Kupiga OS, yaani mfumo wa kuiendesha, ni rahisi kuliko kupiga windo. Pakua Raspberry Pi Imager, programu ya kuandika OS kwenye memori kadi, na ulipakue faili mahali penye wifi ya bure kama bando lako ni la mawazo, Lite, ile isiyo na desktop, ni chini ya GB 1 ila za desktop ni kubwa, na ukishawasha kuna apdeti tena. Kwenye Imager weka jina, nywila, wifi, nchi TZ na SSH (ya kuiongoza ukiwa kwenye kompyuta nyingine) kabisa, tangu 2022 ile nywila ya zamani ya pi na raspberry haipo tena. Pi 3B na Zero 2 W hazioni wifi ya GHz 5, kwa hiyo hotspot ya simu iweke 2.4. Pi 4 kurudi nyuma hazina saa ya ndani, zikizimika bila intaneti tarehe inakuwa ya uongo. Pi 5 inayo ila betri yake unanunua pembeni.

Ukicheza na pini za kuunganishia sensa (GPIO), zinapokea volti 3.3 tu, sensa ya kurudisha volti 5 inaweza kuunguza bodi.

Baridi ya Mbeya inasaidia kidogo, ila ndani ya kava lililozibwa Pi 4 inafika nyuzi 80 na kuanza kujipunguza kasi, weka hitisinki, kale kachuma ka kupoza, Pi 5 weka na feni. Ukishawasha ipe kazi nzito kidogo afu kwenye terminal, lile dirisha la kuandika amri, andika vcgencmd get_throttled. Ikijibu 0x0 uko poa. Ikijibu 0x50000 ujue umeme ulishuka tangu uiwashe, usihangaike kupiga OS upya, badilisha chaja au kebo.