Kufundisha famakolojia mwaka wa pili: anza na fimbo ya dozi, ndoo na viti, majina ya dawa yatakuja

Nafundisha famakolojia, yani elimu ya dawa zinavyofanya kazi mwilini, wanafunzi wa udaktari hapa Mwanza, na miaka ya mwanzo nilikua nafundisha vile nilivyofundishwa mimi, slaidi 70 kipindi kimoja, kundi hili la dawa, majina yake, madhara yake, haya twende kundi linalofuata. Watoto wanakariri madesa, wanafaulu, wakipanda wodini kila kitu kimeyeyuka.

Kilichonibadilisha ni mvuvi mmoja katokea visiwani, homa imemrudia. Alipewa mseto, ile dawa ya malaria yenye atimetha na lumefantrini kwa pamoja, akameza siku moja na nusu, akajisikia freshi akaingia ziwani, vidonge vilivyobaki akamwachia mwenzake. Nikamgeukia kijana mmoja ambaye kwangu alipata A, nikamwambia dokta tuambie, ndani ya mwili wa huyu baba kumetokea nini tangu juzi. Akataja nusu uhai ya atimetha, yani muda ambao dawa inapungua nusu mwilini, sahihi kabisa, ya lumefantrini nayo sahihi, alafu akanyamaza. Namba anazo ila hajui zinafanya kazi gani kwa huyu mzee aliyelala mbele yake. Nilirudi nyumbani siku ile moyo mzito kwa sababu yule kijana nilimfundisha mimi.

Huu hapa ndo mpangilio ninaotumia sasa hivi kwa wiki tatu za kwanza kabla sijagusa kundi lolote la dawa. Andaa ndoo mbili za lita 10, jagi lenye vipimo, rangi ya keki, viti kumi, karatasi ya manila, nyundo ya kupimia refleksi na fimbo ya dozi ya kichocho, ukiikosa fimbo jichoree kwenye ubao mrefu.

HATUA YA 1: FIMBO

Wanafunzi waliokulia kanda ya ziwa wengi wanaijua. Timu ya dawa za kichocho ikija shuleni mtoto anasimamishwa kwenye fimbo yenye mistari, kichwa kikiishia hapa kidonge kimoja na nusu, hapa viwili, hapa vitatu, mpaka vitano, hakuna mizani. Simamisha watatu wenye vimo tofauti uwapime kwa fimbo, alafu wapande mizani wapige hesabu wenyewe: prazikwanteli, ndo dawa yenyewe ya kichocho, ni miligramu 40 kwa kilo, kidonge kina miligramu 600, so mtu wa kilo 60 anataka miligramu 2400 yani vidonge vinne. Yule mrefu mwembamba itaonekana kazidishiwa, mfupi mnene kapunjwa, na darasa litaanza kelele mwalimu hii fimbo inadanganya.

Waache wapige kelele, usiwakimbize. Alafu uliza, kama inakosea mbona Shirika la Afya Duniani linaikubali na mamilioni ya watoto wamepimwa nayo? Jibu wanalipata wenyewe baada ya muda: fimbo imetengenezwa ili mtoto aangukie kati ya miligramu 30 na 60 kwa kilo, na prazikwanteli ndani ya hapo inafanya kazi na haimuumizi mtu, labda tumbo kusokota na kizunguzungu cha muda. Nafasi kati ya dozi inayotibu na dozi inayodhuru ni pana. Sasa waambie wakutengenezee fimbo ya digoksini, dawa ya moyo. Au ya jentamisini, antibayotiki. Darasa linapoa ghafla, maana digoksini ukizidisha kidogo tu moyo unapiga ovyo, jentamisini inaondoka na figo na masikio. Hapo wameshaelewa upana wa dirisha la tiba kabla hujaandika neno hilo ubaoni, na hawatalisahau, mi nimeona.

HATUA YA 2: FUATA KIDONGE KIMOJA

Chora mtu kwenye manila, mdomo, tumbo, utumbo, mshipa unaotoka utumboni kwenda ini, ini, moyo, damu inazunguka, figo. Mpe mwanafunzi punje ya harage, ndo kidonge chetu cha mseto, akisogeze kutoka mdomoni huku wenzake wanamuuliza maswali, na haruhusiwi kuruka kituo.

Akifika utumboni msimamishe. Lumefantrini inapenda mafuta, bila mafuta tumboni sehemu kubwa inapita na kutoka na choo kama ilivyoingia, kwa hiyo yule mvuvi aliyemeza na chai ya rangi kavu alfajiri kabla ya kwenda mwaloni, kule mitumbwi inakotia nanga, hakunyonya kiasi kile alichotakiwa. Maziwa, maandazi, dagaa wa kukaanga, chochote chenye mafuta kinamsaidia. Waambie hilo ndo neno la kumwambia mgonjwa dirishani, sio "utakunywa baada ya kula" tu, maana kwa wengi ugali na mchicha wa kuchemsha nako ni kula.

Kituo cha pili ni ini, na hapa wengi wanapotea. Mi natumia ushuru wa mwaloni. Mzigo wa dagaa ukishushwa kwenye mtumbwi hauendi sokoni moja kwa moja, unapita getini kwanza unatozwa, kinachoingia mjini ni kilichobaki. Dawa ya kumeza ikinyonywa utumboni lazima ipite kwenye ini kabla haijafika kwenye damu inayozunguka mwili mzima, na kuna dawa ini linazitoza sana. Ndo maana mofini ya kunywa tunaandika dozi kubwa kuliko ya sindano, na ndo maana kidonge cha nitrogliserini, dawa ya maumivu ya moyo, kinawekwa chini ya ulimi, pale damu haipiti geti la ini.

Usambaaji nawapitisha haraka: jentamisini inakaa zaidi kwenye maji ya nje ya seli, klorokwini inajificha kwenye tishu na kukaa mwilini wiki kwa wiki. Kwa siku ya kwanza inatosha.

HATUA YA 3: NDOO

Hii usiifundishe kwa slaidi, nakuomba. Jaza ndoo maji lita 10, weka rangi nyekundu mpaka iwe damu ya mzee kabisa. Sema hii ni dozi, ni asilimia 100. Mwanafunzi achote lita 5 amwage, mwingine aongeze lita 5 za maji safi. Huo mzunguko mmoja ni nusu uhai moja. Kila mzunguko chota glasi moja uipange mezani: 50, 25, 12 na nusu, 6 na robo, ya tano imebaki kama 3. Ukiziangalia zile glasi zimepangwa kwenye mwanga wa dirisha, ya kwanza kama juisi ya rosela, ya mwisho unabishana kama ina rangi au haina, mtu anaelewa kwa macho kwa nini tunasema baada ya nusu uhai tano dawa imeisha.

Alafu geuza. Ndoo ya pili, kila mzunguko toa nusu ila sasa ongeza na dozi mpya ileile. 100 inakua 150, alafu 175, 187, 193, inagoma karibu na 200. Wataona kiwango kinapanda na kutulia, na kutulia kunachukua nusu uhai nne mpaka tano hata uongeze dozi. Uliza: digoksini nusu uhai yake ni kama siku moja na nusu, mgonjwa anahitaji msaada leo, utasubiri wiki? Kuna atakayesema si tuanze na 200 hapohapo. Mpigieni makofi, huyo kagundua dozi ya kupakia mwenyewe.

Sasa rudisha mseto kwenye ndoo. Atimetha ni mwepesi, saa kama mbili nusu yake imeondoka, anapiga vimelea vingi kwa haraka ndo maana homa inashuka mgonjwa anajiona kapona. Lumefantrini ni mzito, anakaa siku kadhaa, kazi yake ni kumalizia mabaki. Dozi ni sita: ukianza saa 2 asubuhi ya pili ni saa 10 jioni, kuanzia kesho yake saa 2 asubuhi na saa 2 usiku mpaka siku ya tatu iishe. Mtu akiacha katikati yule mwepesi ameshaondoka, yule mzito hajajaa, vimelea vilivyobaki vinazaliana tena vikiwa vimeionja dawa kidogo.

HATUA YA 4: VITI

Viti kumi mbele, ndo risepta, yani sehemu za seli ambazo dawa inashika ili ifanye kazi. Kundi A wakikaa wanapiga makofi, hao agonisti. Kundi B wakikaa wananyamaza, kazi yao kuziba kiti, hao antagonisti. Kelele za makofi ndo matokeo ya dawa. Ongeza B, kelele zinapungua, ongeza A wengi wagombanie viti, kelele zinarudi, umeshafundisha ushindani. Mmoja wa B mfunge kwenye kiti kwa kitenge, hata ulete A mia kile kiti kimekufa, huyo ni antagonisti asiyetoka.

Kisa ninachokitumia ni sumu ya wadudu, kwa sababu sisi tumezungukwa na mashamba ya pamba na hawa wagonjwa mwanafunzi atakutana nao usiku peke yake. Weka A kama asetilikolini, kemikali ya neva ya kupeleka ujumbe, weka na mabaunsa wawili wa kuwatoa A kwenye viti, hao ndo kimeng'enya cha asetilikolinesterasi. Sumu aina ya oganofosfeti inawafunga mabaunsa mikono. A wanajazana, kelele haziishi: mate, jasho, kifua kimejaa maji, mboni ndogo, kuharisha. Mlete atropini, ni B, anaziba viti. Hapa sisitiza mambo mawili. Atropini unapandisha, unaongeza maradufu kila dakika 5 mpaka kifua kikauke, sio mpaka mboni ipanuke. Na atropini anaziba viti vya aina moja tu, vinaitwa vya maskarini, vya kwenye misuli ya kupumulia havigusi, so mgonjwa kifua kikavu kabisa anaweza akaacha kupumua kwa sababu misuli imechoka. Mkalie karibu.

HATUA YA 5: VIBARUA WA INI

Fupi tu. Rifampisini, dawa ya TB, inalifanya ini liajiri vibarua wapya, yani vimeng'enya vya kuvunja dawa, inachukua kama wiki mbili wakafika wote, na wakishafika wanashusha mizigo ya kila mtu sio ya rifampisini peke yake. Mama anayetumia dawa za TB na ana kijiti cha uzazi wa mpango anaweza kushika mimba, na mwenye VVU dolutegraviri anapewa miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Dawa ya TB ikiisha vibarua hawafukuzwi siku hiyohiyo, nao wanaondoka taratibu.

HATUA YA 6: WAPELEKE KITANDANI

Omba ruhusa wodi ya wazazi, wanafunzi watatu tu, na sista wa zamu ndo anaongoza. Mama mwenye kifafa cha mimba yupo kwenye maginesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, keshapata dozi ya kupakia, saa nne zimepita. Kabla ya sindano inayofuata sista anaangalia: anapumua mara ngapi kwa dakika, isiwe chini ya 16. Mkojo kwenye mfuko, angalau mililita 30 kwa saa. Alafu anagonga goti.

Mpe mwanafunzi nyundo agonge yeye. Akiuona ule mguu unaruka muulize kwa upole nje ya pazia, kwa nini goti? Kwa sababu maginesiamu inapozidi, refleksi ya goti inapotea kabla pumzi haijaanza kufa, so goti linakupa nafasi ya kusimamisha dawa na kuandaa kalsiamu glukoneti ya kuipinga. Kwa nini mkojo? Maginesiamu inatoka mwilini kupitia figo, figo ikilala ile ndoo haichotwi, kila dozi inajazana juu ya nyingine. Yani pale kitandani wameikuta fimbo na ndoo na viti kwa pamoja, kwa mama mmoja, na wengi wanatoka pale hawaongei.

HATUA YA 7: MTIHANI

Usiulize taja madhara matano. Mi nawapa yule mvuvi, kilo 60, vidonge alivyomeza, saa alizomeza, alichokula, na nawapa karatasi tupu. Wachore kiwango cha atimetha na cha lumefantrini kuanzia kidonge cha kwanza mpaka siku homa iliporudi, waoneshe pale mafuta yalipokosekana, alafu chini waandike kwa Kiswahili cha kawaida maneno watakayomwambia huyo baba kabla hajarudi ziwani. Hiyo sehemu ya chini naipa nusu ya maksi.