SOMO: Kuchagua gari la spoti la Kijapani la mkono wa pili la kutembelea kila siku

Kila wiki inaingia meseji ileile: "Mkuu, nimepata Altezza bei poa, nichukue?" Au inakuja picha moja ya Subaru Impreza yenye rimu za dhahabu na swali la maneno mawili, "Hii vipi?" Picha haiwezi kumjibu mtu. Naandika hapa mara moja, na kuanzia leo atakayeniuliza namtumia hili.

Nazungumzia gari la kwenda nalo kazini, la kukaa kwenye foleni ya Ubungo AC ikiwa imewashwa, la kupita matuta ya mtaani kwako asubuhi na jioni. Anayetaka la kuwasha Jumapili tu ana uhuru mwingine kabisa.

Hatua ya 1: Anza na fundi na spea, sura ije baadaye.
Toyota Altezza zipo mbili. AS200 ina injini ya 1G-FE, silinda sita, nguvu za farasi 160. RS200 ina 3S-GE, silinda nne, farasi 210 kwa ile ya gia za mkono. Vijana wote wanaitaka ya pili. Kwa matumizi ya kila siku mimi nasema chukua ya kwanza, maana 1G ndiyo iliyomo kwenye Mark II GX110 na Verossa, na kwenye maduka ya spea ya Gerezani utapata kila kitu chake. 3S-GE ya RS200 ni injini tamu, ila ukihitaji kifaa chake cha ndani utazunguka. Impreza WRX yenye EJ20 ya turbo inataka fundi wa Subaru, mtu anayezifungua kila siku na siyo anayejifunzia kwako. Mark X ya 2.5 (4GR-FSE) inakimbia na imetulia, lakini mafuta yanapuliziwa ndani ya silinda moja kwa moja, hayaoshi valvu za kuingizia hewa, kwa hiyo masizi yanajaa humo na injini inatetemeka ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyaga mafuta. Swift Sport ni ndogo, nyepesi, inatumia cheni badala ya taimingi belti, na watu wengi wanaipita bila kuiangalia.

Hatua ya 2: Soma namba ya chesisi.
Beji inanunuliwa dukani na boneti lenye tundu la hewa linapachikwa siku moja. Namba ya chesisi haidanganyi. SXE10 ni RS200, GXE10 ni AS200. GDA ni WRX ya turbo, GDB ni STI, ile WRX kali zaidi. Ukikuta GD3 au GD9 yenye maandishi ya WRX kila kona, hiyo ni Impreza ya kawaida isiyo na turbo. Siyo gari baya, ila usiilipie bei ya WRX.

Hatua ya 3: Karatasi ya mnada.
Ni ripoti ya ukaguzi ambayo mnada wa Japani unaandika kwa kila gari. Iombe. Ukiagiza mwenyewe, gredi ya 4 au 4.5 ni salama, 3.5 inahitaji macho, R maana yake gari liligongwa likatengenezwa. Angalia na mchoro wa bodi: W ni sehemu iliyonyooshwa na kupigwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa, S ni kutu.

Hatua ya 4: Kilomita.
Usiamini dashibodi peke yake. Fungua mlango wa dereva, kisha fungua boneti, utafute stika ndogo za Kijapani za kubadilisha oili na taimingi belti. Huwa zimeandikwa kilomita na tarehe ya huduma. Tarehe nyingi zinafuata miaka ya utawala wa mfalme wao: ukiona 平成22, jumlisha 1988 upate 2010, ukiona 令和2, jumlisha 2018 upate 2020. Kama stika inasema belti ilibadilishwa kwenye kilomita 98,000 mwaka 2010 na dashibodi leo inasoma 76,000, umemaliza kazi, ondoka. Pia tazama mpira wa pedali ya breki. Gari la kilomita 60,000 haliwi na pedali iliyolika mpaka chuma kikaonekana.

Hatua ya 5: Likute likiwa baridi.
Hatua hii ndiyo iliyonila injini, kwa hiyo someni taratibu. Nilikwenda kuona WRX, nikaikuta inanguruma nje ya geti. Muuzaji akasema katoka kununua vocha. Iliwaka vizuri, ikavuta vizuri, nikalipa. Haikuchukua muda, silinda namba nne ikapoteza nguvu: kuta za ringi kwenye pistoni zilikuwa zimepasuka. Ugonjwa huo unajulikana kwenye EJ20 za turbo zilizoongezewa presha ya turbo au zilizoendeshwa na mafuta hafifu, na asubuhi injini ikiwa baridi unasikika na kuonekana. Ikishapata moto, vyuma vinatanuka na kelele inajificha.

Kwa hiyo mwambie muuzaji mapema: "Usiliwashe mpaka nifike." Ukifika, weka kiganja kwenye boneti, kisha shika mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa wa moto, mwambie utarudi kesho alfajiri. Akikasirika, mwache na gari lake. Likiwa baridi, kabla hujaliwasha, fungua mfuniko wa rejeta: maji yenye utando wa mafuta ni gasketi ya silinda hedi. Chomoa kijiti cha oili, angalia kiwango. Kisha mwenzako awashe, wewe usimame nyuma kwenye ekzosi. Moshi wa bluu ni oili. Moshi mweupe usiokwisha, wenye harufu ya utamu, ni kulanti (maji ya rejeta) inaungua. Mvuke mwepesi wa asubuhi unaopotea baada ya dakika chache hauna tatizo. Sogea mbele usikilize. Kugongagonga kunakopungua injini ikipata moto ni pistoni kulegea kwenye silinda. Kugonga kuzito kunakofuata unavyokanyaga mafuta ni bearingi za chini, na hapo hakuna mazungumzo ya kupunguziwa bei.

ONYO: usikubali "mafundi waliiwasha kidogo tu kuijaribu betri". USIKUBALI.
ONYO la pili: usitoe hata shilingi ya kushikilia gari kabla ya hatua hii.

Hatua ya 6: Pima kompresheni.
Ni presha ambayo pistoni inabana ndani ya silinda. Silinda zote, mbele ya macho yako. Namba zisipishane zaidi ya asilimia 10 hivi.

Hatua ya 7: Lala chini yake.
Altezza: boljointi za chini za mbele, zikilegea tairi linaweza kujikunja ukiwa barabarani. Angalia springi kama zimekatwa kwa msumeno ili gari lilale chini; shokamzoba zake hazitadumu na kila tuta litakula bampa. Gari lililotoka Hokkaido au kaskazini yoyote ya Japani limetembea juu ya chumvi ya kuyeyushia theluji, kwa hiyo kutu linaanzia chini usikoona. Ukija kuliegesha karibu na bahari huku kwetu, unaongezea.

Hatua ya 8: Liendeshe. Barabara mbovu kwanza, lami baadaye, redio ikiwa imezimwa.

Hatua ya 9: Kadi, jina la mmiliki, faini za trafiki. Kabla ya hela.

Hatua ya 10: Usimalize hela zote kwenye gari.
Bakiza walau robo ya bei. Oili zote, plagi, kulanti, breki na taimingi belti kama historia yake haijulikani. Belti ya EJ20 ikikatika, pistoni na valvu zinagongana na unanunua injini. Ratiba ya Wajapani ni kila kilomita 100,000. Kwa joto na vumbi la hapa mimi nabadilisha mapema.

Na katika yote haya, kati ya gari lililochezewa na lile lilivyotoka kiwandani, chukua lililotoka kiwandani hata kama halivutii machoni.

Maswali karibuni.

---

chuma_cha_tandika: Mkuu Mazda RX-8 ina cc 1300 tu, si itakunywa kama Vitz?

Mwandishi: Hapana. Injini yake ni ya rota, kila rota inachoma mara moja kwa kila mzunguko wa shafti, wakati silinda ya kawaida inachoma mara moja kwa mizunguko miwili. Kwa unywaji, ihesabu kama injini ya cc 2600. Tena inachoma oili kwa makusudi ili kulainisha ndani, kwa hiyo unaongeza oili kila mara. Siyo gari la foleni.

dogo_spidi: Boss kuna Altezza ya njano namba D, milioni 8, nichukue au niache

Mwandishi: Chesisi namba? Umeikuta baridi? Kompresheni?

dogo_spidi: Sijaenda kuiona ila picha ni kali. Si useme tu ndiyo au hapana

Mwandishi: Hapana. Ukishafanya hatua ya 2, 5 na 6 rudi na majibu, tutaongea vizuri. Nimeandika yote hayo juu ili usinunue picha.

mama_wawili_mbezi: Asante kwa somo. Natoka Mbezi kwenda Posta kila siku, napenda gia za mkono na mume wangu anasema foleni itanichosha. Swift Sport itanifaa? Na klachi naijuaje kama imekwisha, maana fundi kila mmoja ana lake.

Mwandishi: Dada, itakufaa sana. Tafuta ZC31S au ZC32S. Klachi yake ni nyepesi mguuni ukilinganisha na ya WRX, foleni hutaisikia kama unavyodhani. Kuipima: barabara ikiwa wazi, nenda kilomita 40 kwa saa, weka gia ya nne, kisha kanyaga mafuta mpaka chini. Mshale wa mizunguko ukiruka na mwendo usiongezeke, klachi inateleza. Kisha injini ikiwa sailensa, kanyaga klachi usikilize: kelele inayokuja ukikanyaga na kupotea ukiachia ni bearingi ya klachi. Ikiwa ni kinyume chake, inasikika ukiachia na inapotea ukikanyaga, tatizo liko ndani ya gia boksi, na hiyo ni gharama nyingine. Jambo moja la foleni: usishikilie gari mlimani kwa klachi, vuta hendibreki.

mama_wawili_mbezi: Hiyo ya kelele mbili hakuna fundi aliyewahi kuniambia. Ubarikiwe.

nakuru_boxer: Mimi niko Nakuru. Hiyo Altezza naweza agiza kutoka Japani?

Mwandishi: Kwenu hapana, kaka. Kenya gari likizidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza haliingii, na Altezza ilikoma kutengenezwa 2005. Utanunua iliyokwisha kusajiliwa huko, kwa hiyo hatua ya 5 na ya 7 ndizo zako. Sisi Tanzania linaingia, ila lililofikisha miaka 8 linabeba ushuru wa uchakavu, na likizidi cc 2000 ushuru wa bidhaa unatoka asilimia 5 kwenda 10. Kikokotoo cha TRA kipo mtandaoni, kitumie kabla hujalipa Japani.

fundi_mwanafunzi: Swali la kompresheni. Nimeona fundi anapima Subaru, silinda moja iko chini, akamimina oili kidogo tunduni akapima tena, haikupanda, akasema ringi nzima shida ni valvu. Yuko sahihi?

Mwandishi: Swali zuri sana. Kwenye injini iliyosimama kama 1G yuko sahihi: oili inatua juu ya pistoni, inaziba ringi pande zote, presha ikipanda ujue ringi zimechoka, isipopanda tafuta valvu. Sasa Subaru silinda zake zimelala. Oili unayomimina inakwenda upande wa chini tu, upande wa juu wa ringi unabaki mkavu, kwa hiyo presha inaweza isipande na ringi zikawa mbovu vilevile. Kwa Subaru ni bora kipimo cha kuvuja: unaipeleka pistoni juu kabisa, unajaza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi, halafu unasikiliza inakotokea. Ikitokea kwenye kijiti cha oili ni ringi. Kwenye ekzosi au njia ya hewa ni valvu. Mapovu kwenye rejeta ni gasketi. Mwambie fundi wako ajaribu, utaona mwenyewe.

stage2_mbagala: Unatisha watu bure. Yangu imeongezwa presha mwaka wa pili huu, inapiga.

Mwandishi: Nafurahi inapiga. Nani aliipangia mafuta, na kwa kipimo gani? Kama unayo majibu, wewe si mtu niliyemwandikia. Nimemwandikia anayenunua gari ambalo mtu mwingine aliliongeza presha akaondoka na karatasi zake. Sirudi nyuma kwenye hilo.

kijana_gerezani: Nyongeza: wanaofunga ile valvu ya kutoa "pshh" kwenye WRX, hewa inayotoka imeshapimwa na sensa. Kompyuta inamwaga mafuta ya hewa ambayo haipo tena, ndiyo maana moshi mweusi kila ukibadilisha gia.

Mwandishi: Kabisa. Ukinunua yenye hiyo, kazi ya kwanza ni kurudisha ya kiwandani. Ni kazi ya nusu saa.

mama_wawili_mbezi: Na tairi? Nimeona moja ina tairi za Kijapani zenye kashata nene, muuzaji anasema mpya.

Mwandishi: Tafuta maandishi DOT ubavuni, mwisho wake kuna namba nne kwenye kiduara. 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Kashata inaweza kuwa nene na mpira umeshakauka, angalia nyufa ndogo kwenye mizizi ya kashata. Na kama ubavuni limeandikwa STUDLESS, hilo ni tairi la theluji, mpira wake laini. Kwenye lami ya hapa linayumba na linakwisha haraka. Toa hela ya tairi nne kwenye bei, au mwambie abadilishe ndipo ulipe.