Namna ya kuihoji teknolojia mpya kabla ya kuipigia makofi

Kikao cha kijiji kinapoitishwa ili mgeni aeleze mashine, mbegu au mfumo mpya wa malipo, mwombeni kwanza aeleze shida anayokuja kuiondoa, kabla hajafungua boksi lake. Akishindwa kuitaja kwa namna ambayo mkulima wa korosho wa Newala, mkoani Mtwara, ataitambua kuwa ni yake, basi huyo amekuja kuuza tu. Kuhoji si kukataa, na mfano tulio nao wenyewe ni salfa, unga unaopulizwa kwenye mikorosho.

Korosho za Tanzania zilizofikia takribani tani 145,000 msimu wa 1973/74 zilishuka hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Sababu zilikuwa kadhaa, zikiwamo bei duni na watu kuhamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, lakini ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu uliokausha maua, ulikuwa miongoni mwa kubwa, na unga wa salfa ndio uliookoa maua hayo. Faida hiyo haina ubishi. Hata hivyo, anayetaka kuipima teknolojia hana budi kuifuata hadi inapoishia. Alfajiri, umande ungali juu ya majani na upepo haujaamka, kijana hubeba mashine mgongoni, injini huunguruma, na wingu la manjano hupanda hadi kileleni, kisha hushuka taratibu juu ya mihogo na mbaazi zilizo chini ya mikorosho, na juu ya shati la kijana mwenyewe, ambaye mara nyingi amejifunga kitambaa puani na kukiita kinga. Salfa iliyoanguka chini haipotei, kwani ikirundikana mwaka baada ya mwaka huongeza tindikali kwenye udongo, na hilo halionekani katika mavuno ya msimu wa kwanza. Kwa hiyo ulizeni: kinachobaki baada ya kazi kinakwenda wapi, na nani anakipumua?

Mifumo ya malipo na mauzo inahitaji swali la namna nyingine, yaani ni nani anayelishika daftari. Stakabadhi ghalani, ambapo mkulima huweka mazao ghalani, hupewa risiti, kisha mazao huuzwa mnadani, ilianza kwenye korosho mwaka 2007, na msimu wa 2024/25 minada ilihamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa TMX (Soko la Bidhaa Tanzania), ambamo bei za wanunuzi huonekana kwenye skrini. Ni hatua njema, ikilinganishwa na kangomba, ambapo mlanguzi alikuja na bakuli lake na bei yake. Lakini bei iliyo wazi kwenye skrini humfaa anayeweza kuisoma na kuilinganisha na makato yaliyo kwenye karatasi yake. Bibi ambaye ujumbe wa benki huingia kwenye simu ya mjukuu bado anategemea mdomo wa mtu mwingine, na mtu huyo sasa ni wa nyumbani kwake, jambo ambalo wakati mwingine ni gumu zaidi kulihoji.

Kisha ulizeni kitakachobaki mradi ukifa. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga, na Nachingwea ikawa mojawapo ya maeneo yake matatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Matrekta yakaletwa, reli ikajengwa kuelekea Nachingwea, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya karanga hizo, inapakia korosho hadi leo.

Kuhusu gesi asilia ya Mnazi Bay, mkoani Mtwara, nitasema kidogo tu. Wananchi walioandamana mwaka 2013 kupinga bomba la kwenda Dar es Salaam waliitwa na baadhi ya watu maadui wa maendeleo, ilhali swali lao lilikuwa la kawaida kabisa: thamani itaongezwa wapi, na ajira zitakuwa za nani?

Mkiisha kuuliza, jaribuni kwa kiasi kidogo: mikorosho kumi, si shamba zima, na mingine kumi ya jirani iachwe bila kuguswa ili pawe na cha kulinganisha. Wanawake wanaobangua na vijana wanaopulizia wasikilizwe kabla ya wenye mashamba. Kabla ya kuanza, andikeni dalili itakayowafanya msimamishe, kwa sababu fedha zikishatumika kila mtu hupata sababu ya kuendelea. Karatasi hiyo ibaki kwa mtendaji wa kijiji, nakala kwa mgeni, na isomwe kwa sauti msimu ukiisha, naye akiwapo.