Kukodi 4x4 kwenda Skeleton Coast: bima inaishia wapi

Watu wengi wakipanga safari ya pwani ya Namibia wanahangaika na gari tu, Hilux au Land Cruiser, lenye hema juu au lisilo na hema, halafu bima wanaikumbuka pale kaunta Windhoek funguo ziko mezani na kila mtu ana haraka. Unaulizwa unataka kava gani, unachagua ile ya juu kabisa ambayo ukipata ajali huchangii hata senti, unasaini, unajiona uko salama. Taratibu kwanza. Hiyo sifuri inafanya kazi ukiwa ndani ya masharti tu, ukitoka nje ya masharti unaweza kudaiwa gari zima, na kwa pwani ile masharti yanaweza kuisha mita chache tu kutoka kwenye barabara.

Kwa hiyo omba mkataba kwa email kabla hujatoa depoziti. Ukurasa wa bei uache, nenda moja kwa moja kwenye orodha ya vitu visivyolipwa. Kila kampuni ina yake lakini vinavyojirudia ni vilevile: tairi na rimu, kioo cha mbele, uvungu wa gari (sampu, difu, ekzosi, tangi la mafuta), maji yaliyoingia kwenye injini, klachi iliyoungua ukijaribu kujikwamua, na rangi iliyokwanguliwa na mchanga. Kava ya tairi na kioo mara nyingi inauzwa kando, inunue tu bila kubishana na nafsi, maana kwenye changarawe jiwe linarushwa na gari mnalopishana nalo na hapo ufundi wako wa usukani hausaidii kitu. Kuhusu rangi, miezi ya baridi kule kunakuwa na upepo wa mashariki, unatoka bara jangwani kuelekea baharini, una joto na umebeba mchanga, ukiegesha gari ukiuelekezea uso basi taa na kioo vinabaki na ukungu ambao haufutiki. Kama kuna kava ya mchanga iulizie, na kama haipo basi upepo ukichachamaa tafuta ukuta ujifiche nyuma yake usubiri, usilazimishe safari.

Sasa kifungu ambacho ningependa ukisome mara mbili ni kile cha ajali isiyohusisha gari lingine. Namibia ina watu wachache na barabara ndefu, kwa hiyo ajali za wageni huko nyingi sio za kugongana, ni gari moja peke yake limepinduka. Inavyotokea ni hivi: unatembea vizuri, tairi za kushoto zinapanda kwenye changarawe legevu iliyorundikana pembeni, gari linavutwa kuelekea nje, wewe unashtuka unakata usukani kulia na kukanyaga breki kwa pamoja, tairi za mbele zinashika ghafla, nyuma inapitiliza, na gari lenye hema na majerikeni juu halina namna, linalala. Kampuni zinalijua hilo vizuri ndio maana mikataba mingi inaliwekea kifungu chake, ama kiwango unachochangia kinapanda, ama hawalipi kabisa. Dawa yake ni kuachia mafuta bila kugusa breki, kushika usukani ulivyo, kuacha gari lipungue lenyewe ndio ulirudishe polepole barabarani.

Na spidi inahusika hapohapo. Sheria ya nchi inaruhusu 120 kwenye lami na 100 kwenye changarawe, lakini kampuni nyingi za kukodisha zimeweka 80 kwenye changarawe na gari lina traka inayorekodi. Yaani unaweza kuwa hujavunja sheria yoyote ya trafiki na bado klemu yako, yaani madai yako ya kulipwa na bima, ikatupwa kwa sababu traka inasema ulikuwa 94. Kuendesha usiku nje ya mji nako angalia, sehemu nyingi ni marufuku kwenye mkataba kwa sababu ya wanyama.

Ukimaliza kusoma, fungua ramani. Barabara za kule zina herufi, B ni zile kuu za lami, C nyingi ni changarawe, D ni ndogo zaidi. Mkataba ukisema usitoke kwenye barabara zinazotambulika, kwa kawaida maana yake ni hizo zenye namba, na alama za tairi ulizozikuta jangwani sio barabara hata kama zimepitiwa na magari mia. Sasa waandikie kampuni na utaje majina, usiulize tu kama 4x4 inaruhusiwa pwani kwa sababu watajibu ndiyo. Andika: je, nimekatiwa bima kwenye C34 kutoka Swakopmund mpaka Terrace Bay? C39 kupitia geti la Springbokwasser? Ufukweni? Kwenye mikondo ya mito mikavu kama Ugab na Hoanib? Sandwich Harbour? Jibu likija kwa maandishi liweke kwenye simu na uprinti. La mdomo la kijana wa kaunta halitakusaidia siku ya klemu.

C34 yenyewe haina shida kubwa na bima kwa kawaida. Ukishapita Henties Bay sehemu kubwa ni barabara ya chumvi, ikikauka ni ngumu na laini utadhani lami, ila ukungu wa asubuhi unaoletwa na ule mkondo baridi wa bahari uitwao Benguela ukitua juu yake inateleza vibaya, na watu wanaendelea na spidi ileile kwa sababu kwa macho haijabadilika. Washa taa, punguza, subiri jua lipande. Pia panga muda: anayepita tu ndani ya Skeleton Coast Park bila kulala anatakiwa awe ameingia getini kabla ya saa tisa alasiri, na akichelewa ndio ule mbio mbio unaoleta kupinduka niliousema juu.

Tatizo linaanza pale unapoona bahari hiyo hapo na meli imekwama. Zeila kwa mfano, meli ya uvuvi iliyokwama 2008 kusini kidogo mwa Henties Bay, iko karibu sana na ufukwe na kila mtu anataka picha gari likiwa mbele yake. Egesha pale panaporuhusiwa utembee kwa miguu. Sio bima tu, ukanda ule ni Dorob National Park, kuchepuka nje ya njia zilizowekwa ni kosa kisheria, kuna mashamba ya kuvumwani (vile viumbe kama ukoko vinavyoota juu ya mawe na ardhi, Kiingereza lichen) karibu na Wlotzkasbaken ambayo yakikanyagwa na tairi alama inabaki miongo na miongo, na kuna ndege wadogo wanaotaga chini kwenye changarawe mayai huyaoni mpaka umeyapasua. Na ukivunja sheria ya hifadhi umeshavunja na mkataba, kwa hiyo ukikwama hapo hata gharama ya kuvutwa ni yako.

Sandwich Harbour, kusini ya Walvis Bay, ndio kabisa. Mikataba mingi inaitaja kwa jina kwamba hairuhusiwi, na sababu ni ya msingi. Kule matuta ya mchanga yanashuka mpaka majini, njia ipo maji yakipwa tu, na yakianza kujaa unabaki na ukuta wa mchanga upande mmoja na mawimbi upande mwingine. Wakati wa bamvu, yaani maji yanapojaa kuliko kawaida, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, hali inakuwa mbaya zaidi. Halafu kuna sehemu za chumvi ambazo juu zimekauka zimeweka ganda na chini ni tope, gari linazama mpaka chesisi. Lipa waongozaji wa Walvis Bay wakupeleke na magari yao, gari la kukodi liache hotelini. Hata ukiwa dereva mzuri sana mimi bado ningekwambia hivyo, kwa sababu maji ya chumvi yakiingia kwenye injini hakuna kava niijuayo itakayogusa.

Mito mikavu nayo isikudanganye. Pwani hainyeshi lakini mvua za bara, hasa kuanzia mwezi wa kwanza mpaka wa nne, zinashusha maji ghafla kwenye mito inayokatiza C34. Ukikuta maji yanapita, simama, rudi, au subiri yapungue. Kuvuka maji ni kama kusaini kwamba umeisamehe bima.

Siku ya kuchukua gari usikubali kukimbizwa. Piga video kuzunguka gari lote, halafu lala chini kabisa umulike uvungu na tochi ya simu, piga picha sampu na chesisi, piga rimu moja moja kwa ndani. Hesabu spea tairi, ziwe mbili, na uzishushe uone kama spana inaingia kwenye nati. Ulizia pampu na geji ya upepo. Upepo wa tairi waulize wao wanataka kiasi gani kwa sababu wengine wameandika kwenye mkataba, ila kwa makadirio lami ni karibu baa 2.2, changarawe 1.8, na mchanga laini unashuka mpaka 1.2 hivi, ukitoka mchangani unajaza tena kabla ya kuongeza mwendo. Tairi lililopasuka kwa kukosa upepo wanaliita uzembe, hata kama ulinunua kava ya tairi.

Kuhusu watu wengine: Namibia ina mfuko unaoitwa MVA Fund, unachangiwa kupitia tozo kwenye mafuta, unahusika na majeruhi na vifo vya ajali za barabarani. Mali ya mtu haigusi. Kwa hiyo ukigonga gari la mwenzio au uzio wa shamba, hapo ni bima ya kampuni au mfuko wako, hakikisha mali ya watu wengine imetajwa kwenye mkataba. Bima ya kadi ya benki nayo isome kabla hujaitegemea, nyingi zinakataa 4x4 au barabara zisizo na lami. Na zile bima za mtandaoni za kurudishiwa makato zinakurudishia baadaye, kwanza kampuni inakata kwenye kadi yako, kwa hiyo kadi iwe na nafasi ya kutosha.

Likitokea la kutokea, ukishahakikisha watu wako salama, piga picha gari lilipo pamoja na alama za tairi barabarani kwa sababu ndizo zinazoonyesha hukuchepuka. Polisi ni 10111. Ripoti ya polisi wengi wanaitaka ndani ya saa 24, na kampuni uiambie kabla hujamruhusu yeyote alivute gari. Mtandao kaskazini ya Henties Bay haupo sehemu kubwa, kwa hiyo ukiweza kodi na simu ya setilaiti.

Kabla ya kurudisha, oshesha uvungu kwa maji yasiyo ya chumvi mpaka chumvi itoke, rudi mchana wakiwepo wa kukagua, na usiondoke mpaka wamesaini karatasi kwamba gari limepokelewa bila deni.