Somo: Kununua shangingi lililotumika, hatua kwa hatua

Salamu wakuu. Maswali kuhusu SUV kubwa za mtumba yamekuwa mengi, kwa hiyo nimeona niandike yote mahali pamoja. Nazungumzia magari mazito yaliyojengwa kwa familia kubwa, safari ndefu na kuvuta tela: Land Cruiser 100 na 200, Nissan Patrol, Chevrolet Tahoe na Suburban, Ford Expedition, Range Rover na wenzao.

Hatua ya 1: Tenga fedha ya baada ya kununua

Shangingi linashuka thamani kila mwaka, ila vipuri vyake havishuki nalo. Shokapu, diski za breki, tairi na giaboksi vinabaki na bei ya gari lililokuwa ghali siku lilipotoka kiwandani. Ndiyo maana unakuta SUV kubwa ya V8 inauzwa sawa na gari dogo lililotumika kidogo, na watu wanaikimbilia. Ushauri wangu: robo ya fedha uliyonayo usiiguse. Iweke kwa ajili ya mwaka wa kwanza, maana mwenye gari wa mwisho mara nyingi aliacha kulihudumia siku alipoamua kuliuza.

Hatua ya 2: Jua ugonjwa wa kila aina

Hapa naomba utulie. Kila gari lina ugonjwa wake unaojulikana, na muuzaji hatakutajia.

Tahoe na Suburban za kuanzia 2007 zenye V8 ya lita 5.3 zina mfumo wa kuzima silinda 4 kati ya 8 gari likienda bila mzigo, ili kupunguza unywaji wa mafuta. Tapeti (vidude vinavyosukuma valvu) za mfumo huo hufa. Utasikia mlio wa tiki-tiki, kisha injini inakosa moto kwenye silinda moja. Matengenezo yake ni kuvua hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda.

Expedition zenye injini ya lita 5.4 yenye valvu 3 kwa kila silinda huwa zinagonga zikiwa zimesimama na injini imepata moto, kwa sababu vifaa vya kurekebisha taimingi kwenye kemshafti (mhimili unaofungua valvu) vimechoka.

Patrol Y61 yenye dizeli ya lita 3.0, ile ZD30, hasa matoleo ya mwanzo, ina historia ya kutoboa pistoni. Land Cruiser 100 ya petroli ya lita 4.7 ni injini ngumu kweli, lakini inatumia mkanda wa taimingi unaotakiwa kubadilishwa karibu kila kilomita 150,000. Kama hakuna risiti ya mkanda, hesabu kwamba haujabadilishwa.

Range Rover na nyingine zenye springi za hewa zinahitaji jicho la pekee. Langu la kwanza nililikagua mchana, limesimama vizuri kabisa. Asubuhi iliyofuata nikalikuta limelala upande wa nyuma. Mfuko mmoja wa hewa ulikuwa umepasuka, na kompresa ilikuwa imechoka kwa kuujaza kila mara. Mwenye gari alikuwa ameliwasha nusu saa kabla sijafika, likapata muda wa kujiinua. Iliniuma sana, na tangu siku hiyo sikagui gari ambalo injini yake ni ya moto.

Hatua ya 3: Namba ya chesi na karatasi

VIN, yaani namba ya utambulisho wa gari, ina herufi na tarakimu 17, na ndani yake huwezi kukuta I, O wala Q, kwa kuwa zinafanana na 1 na 0. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani huwa na namba fupi zaidi, hilo lisikutishe. Linganisha namba ya kwenye chesi, ya mlangoni au chini ya kioo, na ya kwenye hati. Ikitofautiana hata kwa herufi moja, funga mazungumzo. Kwa namba hiyo hiyo angalia pia kama gari liliitwa na kiwanda likarekebishwe, hasa mifuko ya hewa ya usalama iliyotengenezwa na Takata, ambayo ilihusu mamilioni ya magari ya kampuni nyingi.

Hatua ya 4: Injini ikiwa baridi

Mwambie muuzaji mapema asiliwashe. Ukifika, weka mkono juu ya boneti. Ikiwa ina joto, omba urudi siku nyingine.

Fungua kifuniko cha oili. Ukiona utando mweupe kama krimu, maji huenda yameingia kwenye oili. Fungua rejeta (ikiwa baridi tu!) uangalie kama kuna mafuta yanayoelea. Sasa washa, mtu mwingine akisimama nyuma. Moshi wa bluu maana yake injini inakula oili. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto, wenye harufu tamutamu, ni maji ya rejeta yanayoungua, na mara nyingi gasketi ya hedi imekufa. Mweusi ni mafuta mengi kupita kiasi au hewa pungufu.

Chomeka kisoma makosa kwenye soketi ya OBD2, ile ya kusomea kompyuta ya gari. Usiishie kwenye makosa tu, angalia pia kama kompyuta imekamilisha vipimo vyake vya ndani. Vikionekana vingi havijakamilika, inawezekana kuna mtu aliyefuta makosa hivi karibuni, au betri ilichomolewa. Taa ya injini itarudi kuwaka ukiwa tayari umelipa.

Hatua ya 5: Lala chini ya gari

Vaa nguo usizozijali. Mengi ya magari haya yana chesi inayojitegemea chini ya bodi, na chesi ikioza kwa kutu gari limekwisha, hata rangi ing'ae namna gani. Igongegonge kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya bubu. Tazama pia alama za kuchomelea, kuvuja kwenye difu na transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma), na bushi zilizopasuka. Rangi nyeusi mbichi iliyopakwa chini ya gari la zamani inanitia mashaka kuliko kutu yenyewe.

Hatua ya 6: Ndani

Bonyeza kila kitufe. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho: mstari wa tope ni dalili ya gari lililozama. Pedali zilizolika na usukani uliong'aa haviendani na mita inayoonyesha kilomita 70,000.

Hatua ya 7: Barabarani

Endesha angalau nusu saa, polepole na kwa kasi. Gia zibadilike bila mshtuko. Kisha nenda kwenye changarawe au udongo, uingize magurudumu manne na gia zake za chini. Usilijaribu hilo kwenye lami kavu, kwenye mengi ya magari haya mfumo unajikaza na unaweza kuuharibu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, petroli au dizeli?

Jibu: Inategemea safari zako, ndugu. Kama ni safari fupi za kusimamasimama, dizeli za kisasa zitakusumbua, chujio la masizi huziba kwa kukosa joto la kulisafisha. Safari ndefu na kuvuta mzigo, chukua dizeli.

Swali: Nimepata mawili, kaka. Moja lina kilomita 280,000 na rekodi zote za sevisi, lingine 110,000 bila karatasi hata moja. Moyo unanivuta kwa la pili.

Jibu: Dada yangu, chukua la kwanza, ukishalikagua. Hizo 280,000 unazijua. Za lile la pili umeambiwa tu.

Swali: Muuzaji ameweka tairi mpya zote nne. Si dalili nzuri hiyo?

Jibu: Soma tarakimu 4 za mwisho baada ya neno DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na meno yote na bado imezeeka. Hakikisha pia zote zina saizi moja, kwani zikitofautiana difu ya kati, ile iliyo kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, inafanya kazi bila kupumzika.

Swali: Samahani mwalimu, naambiwa mafuta ya giaboksi ya otomatiki hayabadilishwi maisha yote ya gari. Kweli?

Jibu: Hapana. ZF, wanaotengeneza giaboksi za Range Rover nyingi, wenyewe wanashauri yabadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Ila giaboksi ikiwa imeshaanza kuteleza, kubadilisha mafuta hakutaiponya. Hapo mwite fundi wa giaboksi alikague kabla hujatoa hata senti ya malipo ya awali.