Kahawa kwanza, usingizi baadaye

Kwa wenzangu wa Marekani mnaoendesha gari-nyumba kurudi nyumbani peke yenu: msingoje mpaka kope ziwe nzito. Mimi nikitoka Utah kurudi Nebraska kwa barabara ya I-80, saa nane mchana ndiyo saa yangu mbaya. Jua kali, barabara imenyooka, tumbo limeshiba. Kufungua dirisha na kupandisha muziki ni kujidanganya tu.

Ninachofanya ni hiki: naegesha kwenye eneo la mapumziko, nazima injini, nakunywa kikombe cha kahawa harakaharaka, kisha papo hapo najilaza kitandani kule nyuma. Kengele ya simu, dakika 20. Kahawa huchukua karibu nusu saa kuanza kufanya kazi, kwa hiyo unaamka ndiyo inaanza kukuchangamsha. Ukilala saa nzima unaweza kuamka mzito kuliko ulivyolala. Kabla ya kushika usukani, lizunguke gari kwa miguu. Hapo mimi hukagua matairi na mlango wa stoo, maana niliwahi kwenda maili kadhaa ukiwa wazi, viti vya kukunja vinaning'inia.

Njiani kule Wyoming, kati ya miji ya Rawlins na Laramie, upepo ni mkali. Siku nyingine barabara hufungwa kwa magari mepesi yaliyo marefu kwenda juu, na lako ni mojawapo. Angalia hali ya barabara asubuhi. Ikifungwa, usibishane nayo: kitanda unacho, jiko unalo, chemsha chai.