Namna ya Kuisoma Beji ya Bega ya Askari wa Vita vya Pili vya Dunia

Ukiikuta beji ya kitambaa katika sanduku la babu aliyekuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, anza na mchoro wake. Jeshi la Uingereza liliziwekea divisheni zake, yaani vikosi vikubwa vya maelfu ya askari, alama za picha badala ya namba, ili askari watambuane wao kwa wao huku adui asijue kwa urahisi anapambana na nani. Kwa hiyo usihangaike kutafuta maandishi. Tafuta mnyama, silaha au umbo.

Kichwa cha kifaru, yaani mnyama mwenyewe wala si kile cha chuma, ni alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1943 na kupigana Burma (Myanmar ya leo) mwaka uliofuata, ikipita bonde la Kabaw hadi Kalewa. Buibui ni wa Divisheni ya 81 ya Afrika Magharibi. Huyo ni Ananse, ambaye katika ngano za Waakan wa Afrika Magharibi hushika nafasi ya Sungura wetu, mdogo anayewashinda wakubwa kwa werevu, na sijaona alama iliyowafaa zaidi wapiganaji wa msituni.

Wengi hukosea wanapotaka mchoro uwaambie zaidi ya hapo. Kifaru yuleyule alivaliwa na watu wa Kenya, Tanganyika, Uganda, Nyasaland (Malawi ya leo) na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), wa batalioni mbalimbali, yaani vikosi vidogo ndani ya divisheni, hivyo jina la batalioni litafute katika cheti cha kuachishwa jeshi au beji ya kofia.

Kisha igeuze, kwani upande wa nyuma husema mengi kuliko wa mbele. Beji iliyovaliwa kweli huwa na matundu madogo ya sindano kwenye ukingo, pengine na vipande vya uzi vilivyobaki ilipobanduliwa, na rangi ya nyuma huwa imekolea kuliko ya mbele iliyopigwa na jua. Imulike gizani kwa taa ya urujuanimno (UV): nyuzi zikiwaka weupe mkali, una sababu ya kushuku kwamba ilishonwa baada ya vita, ingawa sabuni za siku hizi nazo huweza kuleta mng'ao huo.

Ndiyo maana haifai kuifua, hata ikiwa na doa, wala kuving'oa vile vipande vya uzi.